Pikipiki Inakula Mafuta? Pima Kwanza, Kisha Fungua Filta ya Hewa

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania, hutangaza bei kikomo za mafuta, na siku hiyo vijiweni hakuna mazungumzo mengine. Bei hiyo dereva wa bodaboda hana la kuifanya. Anachokiweza ni kilomita anazopata katika kila lita, na hapo ndipo sisi tunaofundisha ufundi wa pikipiki tunaona fedha nyingi zikipotea bila mwenyewe kujua.

Hajui kwa sababu hapimi. Wengi hununua mafuta ya elfu mbili, elfu tatu, kadiri abiria wanavyopatikana, kwa hiyo tangi halijai hata siku moja. Kama pikipiki yako ni ya kabureta na ina koki ya mafuta yenye akiba, kupima ni rahisi. Endesha koki ikiwa upande wa kawaida mpaka injini ianze kukohoa. Chagua barabara tulivu, usilifanye hili katikati ya foleni. Sogea pembeni, andika namba ya kilomita iliyo kwenye dashibodi, fungulia akiba, nenda kituo cha karibu. Kituoni omba lita mbili kamili, usitaje shilingi, kisha rudisha koki upande wa kawaida. Siku injini itakapokohoa tena, andika namba ya pili. Tofauti ya namba hizo mbili ni kilomita ulizotembea kwa lita mbili, na mafuta uliyotumia kufika kituoni yamo ndani ya hesabu.

Tuseme unatembea kilomita 120 kwa siku. Pikipiki inayotoa kilomita 50 kwa lita itakula lita 2.4. Inayotoa 40 itakula lita 3. Kwa siku 26 za kazi tofauti ni lita 15.6, ukiweka lita kwa shilingi 3,000, ni shilingi 46,800 kila mwezi. Filta mpya ya hewa kwa pikipiki hizi za kawaida haifiki hata karibu na fedha hiyo.

Na ni filta ndiyo ninayotaka uanze nayo. Ili lita moja ya petroli iungue vizuri, injini inahitaji takriban lita 9,000 za hewa, na yote hiyo inapita kwenye kipande cha karatasi au sponji kinachoenea kiganjani. Filta ikijaa vumbi, mvuto ndani ya kabureta huongezeka, na petroli nyingi kuliko inavyohitajika hunyonywa kupitia jeti, kitundu kinachopitisha petroli ndani ya kabureta. Dereva anaona pikipiki nzito, anaongeza mafuta mkononi, na ulaji unapanda zaidi. Kitabu cha pikipiki kinataja kilomita za kusafisha na za kubadilisha, lakini anayefanya kazi kwenye barabara za vumbi za Dodoma au Singida wakati wa kiangazi asisubiri zifike. Afungue filta kila wiki aitazame.

Namna ya kusafisha inategemea aina. Filta ya karatasi hupulizwa kwa upepo wa nguvu ndogo kutoka upande wa ndani kwenda nje; ukipuliza kutoka nje unalikandamiza vumbi ndani ya karatasi. Usiioshe kwa petroli wala maji. Ya sponji huoshwa kwa maji ya sabuni, ikaushwe kabisa, ipakwe oili kidogo na kukamuliwa. Wapo wanaoitoa kabisa ili pikipiki "ipumue". Naomba sana wasifanye hivyo. Vumbi linaingia moja kwa moja kwenye silinda na kusaga pistoni na ringi zake, na injini iliyopoteza mgandamizo hairudishi ulaji mzuri kwa filta mpya.

Baada ya filta, fungua plagi uisome. Ncha yenye rangi ya kahawia inaonyesha mchanganyiko ni mzuri. Nyeusi yenye masizi makavu maana yake petroli ni nyingi kuliko hewa: huenda ni filta, choki isiyorudi mpaka mwisho, au boya la kabureta linaloruhusu mafuta kuzidi. Nyeupe kabisa ni hatari, kwa sababu mchanganyiko una hewa nyingi na injini inachemka kupita kiasi. Ndiyo maana sikubaliani na mafundi wanaobana mafuta kwa kuweka jeti ndogo. Wiki ya kwanza utafurahia ulaji, baadaye utanunua pistoni. Mafuta ya taa kwenye petroli nayo yaachwe. Yanaungua vibaya na kuacha masizi kwenye silinda.

Sehemu ya pili ya upotevu haiko kwenye injini. Weka pikipiki stendi ya kati, gia huru, uzungushe gurudumu la nyuma kwa mkono. Likizunguka mara moja na kusimama, kuna kinacholishika. Mara nyingi ni breki ya nyuma iliyokazwa mno, au cheni. Sukuma cheni juu na chini katikati ya spoketi mbili: kwa pikipiki nyingi ndogo inatakiwa icheze kati ya milimita 20 na 30, ila kipimo cha pikipiki yako kiko kwenye kitabu au kwenye kibandiko karibu na gurudumu la nyuma. Cheni huwa haichakai sawa kila mahali, kwa hiyo zungusha gurudumu upime sehemu kadhaa na ukaze kwa kufuata ile iliyobana zaidi. Isafishe kwa mafuta ya taa, kisha ipake oili. Upepo wa tairi upime asubuhi kabla hazijapata moto. Kwa pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 ni karibu psi 25 mbele, na nyuma 28 ukiwa peke yako au 32 ukiwa na abiria.

Kwenye oili, tafuta maandishi JASO MA au MA2 kwenye chupa, alama za oili inayofaa klachi ya pikipiki. Klachi ya pikipiki hizi inaogelea katika oili hiyo hiyo ya injini, na baadhi ya oili za magari zina viungo vinavyoifanya iteleze. Klachi ikiteleza, injini inalia na gurudumu halifuati. Dalili hiyo hiyo hutokea waya wa klachi ukikazwa mno, hivyo anza na waya kabla ya kununua sahani za klachi.

Kwa wamiliki waliokabidhi pikipiki kwa mkataba: dereva ananunua mafuta kutoka mfukoni mwake, nanyi mnapokea hesabu ile ile ya kila siku. Mnapochelewesha sevisi, yeye ndiye anayelipa kwa lita. Andikeni kwenye mkataba nani ananunua filta, plagi, oili na cheni, na kwa kilomita ngapi, na namba ya dashibodi iandikwe kila oili inapomwagwa.