Nafasi iliyobaki ndani ya andalio la somo

Mwalimu wa shule ya msingi nchini Tanzania hafundishi kile tu anachopenda. Muhtasari wa somo, yaani waraka unaotaja mada na umahiri wa kufundishwa, na kitabu cha kiada hutoka Taasisi ya Elimu Tanzania. Kutokana na muhtasari huo mwalimu hutengeneza azimio la kazi, yaani mpango wa mada kwa muhula au mwaka, na kutokana na azimio huandika andalio la somo, yaani mpango wa kipindi kimoja, ambalo mwalimu mkuu hulipitia na mthibiti ubora wa shule anaweza kulidai siku yoyote. Tangu mwaka 2015 darasa la kwanza na la pili yalipoelekezwa kwenye stadi za kusoma, kuandika na kuhesabu, hadi mtaala ulioboreshwa ulipoanza kutumika kwa awamu Januari 2024, utaratibu huo haujalegea. Walimu wenzangu wanaponiuliza ari ya kufundisha inatoka wapi katika hali hiyo, huwajibu kwamba inatoka humo humo ndani ya andalio, ilimradi mwalimu alisome kwa makini kuliko yule anayelikagua.

Muhtasari hutaja umahiri ambao mwanafunzi anapaswa kuufikia, lakini sehemu kubwa ya njia ya kumfikisha huko umeiacha mikononi mwa mwalimu. Tuchukue mada ya kupima urefu, ambayo huanza na vipimo visivyo rasmi kabla ya sentimita na mita. Walimu wengi hukipita kipengele hicho upesi: watoto hupima dawati kwa penseli, hujibu maswali ya kitabuni, basi. Mimi hukaa hapo, kwa sababu huku pwani ya Tanga tumerithi mfumo mzima wa vipimo vya mwili: shubiri (kutoka ncha ya kidole gumba hadi ya kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimetanuliwa) mbili hufanya mkono mmoja (kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole), mikono miwili hufanya wari, na wari mbili hufanya pima, yaani urefu wa mikono iliyonyooshwa pande zote mbili, ambayo wavuvi wameitumia kupimia kina cha maji. Watoto wanapopima ubao uleule kwa shubiri na kupata majibu tofauti, ubishi huzuka, na anayetaka kuumaliza hulazimika kutafuta kipimo kisichobadilika kwa kubadilika mpimaji. Rula huingia darasani wakati huo, ikiwa jibu la swali ambalo watoto wamekwisha kuliuliza wenyewe. Hakuna mstari wa muhtasari uliokiukwa, na kuzidisha kwa mbili kumefanyiwa mazoezi bila kutangazwa.

Vyuoni tulihimizwa sana kufaragua zana, yaani kutengeneza vifaa vya kufundishia kwa vitu vilivyopo, na ni kweli kwamba visoda, vijiti na mbegu humsaidia mtoto kuhesabu. Hata hivyo, naona zana imesifiwa kupita kiasi, kwa sababu rundo la visoda lisilo na swali la kumsumbua mtoto humchosha upesi kama ubao.

Darasa la nne ni gumu zaidi, nami sitalipamba. Upimaji wa kitaifa wa Baraza la Mitihani huwa umeshakaribia, shule hulinganishwa kwa matokeo yake, na vipindi hujaa maswali ya miaka iliyopita. Nafasi hapo ni finyu, lakini maswali yale yale ya kuchagua jibu yanaweza kugeuzwa: badala ya kuyajibu tu, wanafunzi huyatunga wao, na kwa kila jibu lisilo sahihi hueleza ni kosa gani la kufikiri litakalomvuta mtu alichague. Mtoto anayeweza kutunga mtego wa aina hiyo katika hesabu za sehemu, kama nusu na robo, amezielewa kuliko aliyekariri kanuni.

Sehemu inayodharauliwa kuliko zote ni tathmini iliyoko mwishoni mwa andalio, ambako wengi huandika kwamba somo limeeleweka kwa asilimia 80, takwimu ambayo hakuna aliyeipima. Mimi huandika hapo maswali ambayo watoto waliyauliza na sikuwa nimeyatarajia, kwa mfano kwa nini mnunuzi wa vitambaa hakubali kupimiwa kwa mkono wa mtoto. Swali kama hilo ndilo ninaloliweka katika utangulizi wa kipindi kinachofuata, na muhtasari unaofungua mada kwa kile mwanafunzi anachokijua tayari unaniruhusu kufanya hivyo.