Mjumbe wa Bodi Hatumwi na Waliompigia Kura

Wanachama wengi wa vyama vya kitaaluma huamini kwamba mjumbe wa bodi ni mtu wao: wamemchagua, basi akawapiganie wao. Imani hii ni ya siku nyingi, na inaeleweka. Lakini si sahihi.

Kura humweka mjumbe kwenye kiti tu. Akishakikalia, wajibu wake ni kwa chama kizima, wakiwemo waliomnyima kura na hata watu ambao bado hawajajiunga. Mwaka 1774 mwanasiasa Edmund Burke, aliyekuwa amechaguliwa kuwa mbunge wa Bristol, Uingereza, aliwaambia wapiga kura wake kwamba bunge si mkutano wa mabalozi wanaotetea kila mmoja upande wake. Bodi nayo ni hivyo hivyo.

Chukulia suala la ada. Waliomchagua wanataka ipunguzwe, lakini hesabu zinaonyesha akiba ya chama inakwisha. Mjumbe mwaminifu atayafikisha malalamiko yao mezani bila kuyapunguza makali, atasoma hesabu mwenyewe (wengi hawazisomi, na hili linaniumiza), kisha atapiga kura kwa ajili ya uhai wa chama. Hapo ndipo huitwa msaliti, naye hakusaliti chochote.

Tena, peke yake hana amri. Hawezi kumwagiza mtumishi wa chama wala kuahidi lolote kwa niaba ya chama, isipokuwa bodi imemkasimu, yaani imempa mamlaka hayo. Mamlaka ni ya kikao chenye akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa.

Na penye maslahi yake binafsi, hutangaza na kujitoa kwenye uamuzi.