Hedy Lamarr Hakuvumbua Wi-Fi

Kila Novemba 9, siku aliyozaliwa Hedy Lamarr, mwigizaji wa filamu wa Hollywood, picha yake ya enzi za nyeusi na nyeupe huanza tena kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: bila mwanamke huyu usingekuwa na Wi-Fi. Watu wanamwaga makopakopa, wanasambaza. Mimi ni shabiki wake wa siku nyingi, na maneno hayo yananiudhi. Yanampa sifa isiyo yake na kuifunika ile aliyoitolea jasho.

Mwaka 1941, vita vimepamba moto Ulaya, Lamarr na mtunzi wa muziki George Antheil waliomba hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya njia ya kuongoza topido, kombora la majini, kwa redio. Shida ya topido la namna hiyo ni kwamba adui akishajua masafa ya redio (frequency) yanayotumika, anayavuruga tu, nalo linapotea baharini. Wakawaza: je, meli na topido wakihamahama masafa kwa pamoja, kwa mpangilio wanaoujua wao peke yao? Antheil alikwisha kutunga muziki wa piano zinazojipiga zenyewe, zile zinazoendeshwa na karatasi ndefu yenye safu 88 za matundu. Basi karatasi ya aina hiyo moja ikae melini, nyingine ndani ya topido, zianze kuzunguka sekunde ileile, matundu yakielekeza masafa ya kuhamia. Hataza namba 2,292,387 ilitoka Agosti 11, 1942. Ukiisoma hutaliona jina Lamarr. Ameandikwa Hedy Kiesler Markey, yaani jina la kwao Vienna na la mume wake wa pili.

Jeshi la Majini la Marekani likaiweka kabatini. Muda wa hataza ukaisha mwaka 1959, hajapata hata senti. Ndiyo maana hadithi ya kwamba aliibiwa mabilioni haina miguu: teknolojia hiyo ilipoingia sokoni, hakukuwa tena na haki ya kudai malipo.

Na Wi-Fi? Kiwango chake cha kwanza, cha 1997, kiliruhusu kurukaruka masafa kama njia mojawapo, vilivyofuata vikaiacha. GPS, ambayo nayo huhusishwa naye, haikuitumia kabisa. Bluetooth ndiyo jamaa wa karibu: ile ya kawaida huruka mara 1,600 kwa sekunde. Hata hivyo, wazo la kuhamahama masafa Mjerumani Jonathan Zenneck alikuwa ameshaliandika kabla ya Vita vya Kwanza. Kipya cha Lamarr na Antheil kilikuwa ule mtambo wa karatasi.

Kisa cha kumlevya mtumishi, kuvaa sare yake na kumtoroka mume wa kwanza, Fritz Mandl, tajiri wa silaha? Kitamu, ila kina matoleo mengi mno. Kitabu cha 1966 kilichotoka kwa jina lake kiliyakoleza mambo, na mwenyewe alikwenda mahakamani kukipinga. Mimi napenda zaidi cha mwaka huohuo wa kutoroka, 1937. Huko London, Louis B. Mayer, bosi wa kampuni ya filamu ya MGM, alimpa dola 125 kwa wiki. Akakataa. Kisha akakata tiketi ya meli ileile aliyopanda Mayer, Normandie, na kabla haijatia nanga New York alikuwa na mkataba wa dola 500 kwa wiki.