Hapana, Livingstone hakuzikwa Bagamoyo

Jumamosi iliyopita kosta mbili za wanafunzi kutoka Dar zilipaki chini ya miembe ya misheni ya Kikatoliki hapa Bagamoyo. Mwalimu akashuka, akajinyoosha, na kabla salamu hazijaisha akaniuliza: "Sasa mzee, kaburi la Livingstone liko upande gani?" Nyuma yake watoto walishafungua madaftari. Mmoja alikuwa ameandika kichwa tayari, KABURI, akapiga na mstari chini kwa rula.

Nimetembeza wageni mji huu miaka mingi, na swali hilo nimelijibu mpaka ulimi umeota sugu. Leo naliandika, nipumzike.

David Livingstone, yule mmisionari na mvumbuzi wa Kiskoti, alifia kijijini kwa Chitambo, ambako leo ni Zambia, mwanzoni mwa Mei 1873. Watu wake waliupasua mwili, wakatoa moyo na matumbo, wakavizika palepale chini ya mti. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani kama wiki mbili, wakauviringisha kitambaa, wakaufunga ndani ya gome la mti na juu wakashonea turubai. Ndipo wakaubeba: zaidi ya kilomita 1,500, miezi tisa, kwa miguu. Karibu na Tabora walikutana na Waingereza waliotumwa kumsaidia mzee huyo, wakashauriwa wamzike hukohuko yaishe. Wakakataa. Mbele ya hapo, kwa kuwa wenyeji wa vijiji hawakutaka maiti ipite kwao, wakaufunga upya uonekane mtumba wa kawaida wa bidhaa. Wakapita.

Walifika Bagamoyo Februari 1874. Mwili ulilala usiku mmoja katika kanisa la misheni, lile lililotuachia Mnara wa Livingstone, kisha ukapakiwa melini kwenda Zanzibar na baadaye Uingereza. Huko waliutambua kwa mfupa wa mkono wa kushoto, uliovunjwa na simba miaka mingi nyuma. Ulizikwa Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili 1874.

Kwa hiyo moyo uko Zambia, mifupa iko London, na sisi tuna usiku mmoja. Hata safari yake ya mwisho hakuianzia hapa. Alishukia kusini, pande za Mikindani, mwaka 1866. Pale mnarani pana maandishi kwamba alipita mlango ule, na msomaji akishayaona anampa mzee miguu. Alipita amebebwa!

Kukosea si dhambi. Kinachonikera ni kwamba anayeulizia kaburi huwa hana hata swali moja kuhusu waliobeba. Chuma, Susi, Jacob Wainwright. Huyu Wainwright alikuwa mtumwa aliyekombolewa na kusomeshwa India. Ndiye aliyesoma sala kule Chitambo, na ndiye aliyesindikiza maiti mpaka London. Chuma na Susi walifika Uingereza mazishi yakiwa yameshapita. Nilimwomba mwalimu watoto waandike majina hayo matatu. Yule wa KABURI akanyoosha mkono: "Shikamoo mzee. Walilipwa?" Nikamwambia walipewa ujira wao, wakaachwa waende zao. Akaandika na hilo.

La pili ni jina la mji. Mgeni anafika ameshakaririshwa kwamba "bwaga moyo" ni kilio cha mtumwa aliyekata tamaa. Wako wanaolisoma jina hivyo, lakini kubwaga ni neno la mwenye mzigo. Hapa palikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Ujiji na Tabora, na walioujaza mji walikuwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliokuja na pembe za ndovu mabegani. Mtu ametembea miezi na mzigo wa frasila mbili, kama kilo 32, akiiona bahari anabwaga mzigo na wasiwasi wake pamoja. Sisemi watumwa hawakupita. Walipita, na misheni ilipoanza mwaka 1868 waliokombolewa walijengewa kijiji hapo. Ila mlango mkubwa wa biashara ile kwenye mwambao wetu ulikuwa Kilwa. Si kila chumba chenye giza katika Mji Mkongwe wetu wa Bagamoyo kilikuwa gereza la watumwa. Vingine vilikuwa stoo za kopra. Na wenzangu wa kazi hii mnachangia: mgeni akionyesha dalili ya bahshishi, minyororo inaongezeka.

Kaole nako wanakuuliza watumwa walifungwa wapi. Magofu ya Kaole ni ya zamani zaidi. Msikiti wake ni wa karne ya 13, umejengwa kwa mawe ya matumbawe, na bandari yao ilikufa mikoko ilipoziba maji. Angalieni makaburi yenye nguzo, acheni kutafuta pingu. Na ule mbuyu wanaosema ukiuzunguka unaongezewa miaka, mimi nimeuzunguka na wageni mara mia kadhaa. Magoti yangu hayana habari.

Kosa lingine: Bushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani, hakunyongwa Bagamoyo. Wajerumani walimnyonga Pangani, tarehe 15 Desemba 1889. Hapa waliwanyonga wengine, na mahali penyewe pana alama karibu na ufukwe.

Bagamoyo bado haijawa Urithi wa Dunia. Tangu 2006 njia ya watumwa na pembe za ndovu, ambayo mji wetu ni sehemu yake, iko kwenye orodha ya kusubiri ya UNESCO. Waliokwisha kuingia ni Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, 1981, na Mji Mkongwe wa Zanzibar, 2000. Anayekuchapishia fulana yenye maneno mengine anauza fulana.

Mkija na watoto, anzieni Kaole asubuhi kabla jua halijawa kali, maana kivuli ni cha kugombania. Ni kama kilomita tano kutoka mjini, bajaji zinafika. Mnarani njooni alasiri. Na mwalimu, salamu kwanza.