Jarida la madevelopa wa gemu: watu wanavyodhani na ilivyo kweli

Kila baada ya miezi kadhaa anaibuka mtu na wazo la kuanzisha jarida la mtandaoni la watu wanaotengeneza gemu kama hobi, la bure, la kujitolea, na kila mara yale mawazo ya mwanzoni ni yaleyale. Nayajua maana mi mwenyewe nilikuja nayo yote nilipojiunga na kikundi kilichokuwa kinatoa jarida la hivyo, nilianza kama msahihishaji wa makosa ya herufi nikajikuta mhariri, usiniulize ilikuwaje. Mengine ntayapita haraka, mengine siwezi.

"Watu wanapenda gemu, makala zitakuja zenyewe"

Haziji. Zinazokuja ni ahadi. Toleo letu la pili watu kumi na moja walisema wanaandika, tukapata makala tatu, na moja kati ya hizo ilikuwa aya mbili na skrinshoti. Na sio kwamba watu ni waongo jamani, mtu anayetengeneza gemu kama hobi ana masaa mawili usiku, karudi kazini, watoto wamelala, sasa hayo masaa mawili aitengeneze gemu yake au aandike kuhusu gemu yake? Ataitengeneza, hata wewe ungefanya hivyo.

Kwahiyo mhariri wa jarida kama hili kazi yake kubwa sio kunyoosha lugha, ni kufuatilia. Unatuma meseji Jumatatu "vipi kaka, ile makala imefikia wapi", anakujibu "wikiendi hii nakumalizia", wikiendi inapita, unatuma tena ila kwa namna ambayo hatajisikia anadaiwa, maana akijisikia anadaiwa anapotea kabisa, hata simu hapokei. Kilichotusaidia sisi ni kuacha kumwambia mtu "andika makala", kwasababu hiyo haina mwisho, ni kama kumwambia mtu ajenge nyumba bila kumwambia vyumba vingapi. Angalia Paged Out!, jarida la bure la mambo ya kompyuta lililoanza 2019, wao makala moja ni ukurasa mmoja, basi. Ukurasa mmoja mtu anauona mwisho wake kabla hajaanza. Njia nyingine tuliyoitumia ni kumpigia mtu simu, anaongea dakika ishirini tunarekodi, mmoja wetu anaandika, tunamrudishia arekebishe. Wengi wanaogopa kuandika lakini kuhusu bagi, yaani kosa kwenye programu, iliyomtesa wiki nzima ataongea mpaka chaji iishe.

"Gemu haijaisha, sasa niandike nini"

Hii inatoka kwa waandishi wenyewe na inaua makala nyingi kabla hazijazaliwa. Lile jarida la Game Developer la Marekani, lile la watu wa kazini kabisa, lilikuwa na utaratibu wa kuchapisha makala za kuangalia nyuma baada ya gemu kutoka, mambo matano yaliyoenda vizuri na matano yaliyoharibika, na ukiniuliza mimi yale matano ya pili ndo yenye utamu. Watu wa Ludum Dare, yale mashindano ya mtandaoni, wanatengeneza gemu kwa masaa 48 tangu 2002, na nyingi zinatoka nusunusu, ila ukimuuliza mtu kwanini adui wake alikuwa anapita ukutani anakupa somo zima. Gemu iliyokufa ina hadithi, na mwenye nayo hana cha kulinda tena, anasema ukweli.

"Shida itakuwa hela"

Hela kidogo ipo, jina la tovuti na mahali pa kuliweka jarida, watu wanne mkichanga mnamaliza mwaka. Lakini Game Developer lilianza 1994, lilikuwa na kampuni nyuma yake na matangazo, na 2013 likafungwa. Wakati huohuo Full Circle, jarida la watumiaji wa Ubuntu, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, linatengenezwa na watu wa kujitolea tangu 2007 na limevuka matoleo 200. Sisemi hela haina kazi, nasema kwenye jarida la hobi kinachoisha kwanza ni jioni za watu.

Na hapohapo kuna ya "lazima litoke kila mwezi". Full Circle wameenda na kila mwezi, sawa. Paged Out! toleo la pili lilitoka Novemba 2019 na la tatu Desemba 2023, miaka minne kimya, na liliporudi watu walilipokea. Kinachoharibu ni kutangaza tarehe usiyoiweza. Sisi tulikuja kukubaliana kwamba hatutangazi toleo mpaka nusu ya makala ziwe mkononi, sio kwenye ahadi, mkononi, na tulichelewa kukubaliana.

"Jarida ni PDF nzuri"

Hapa mnisamehe ntakaa kidogo.

PDF nzuri inafurahisha aliyeipanga. Kurasa mbilimbili, safu mbili, picha ya nyuma nyeusi, fonti ya kizamani ya gemu, kwenye laptopu inapendeza kweli. Sasa msomaji wako yupo kwenye daladala na simu, anavuta ukurasa kushoto, anarudisha kulia, anapanda juu kufuata safu ya pili, kwenye aya ya tatu kaachana na wewe. Toleo la kawaida la kusomeka kwenye simu, maandishi tu na picha chache, liwe la kwanza, hiyo PDF ya maringo ifuate kwa wanaoitaka. Na kama kuna siku mtataka kuichapa kijitabu cha pini katikati, kurasa zigawanyike kwa nne, tulijifunza hilo tukiwa na kurasa 30.

Halafu kodi. Kodi ya kompyuta nasema, yale maandishi ya programu, sio ya TRA. Vitabu vinaandika msimbo, na tulibishana jioni nzima tuandike lipi tulipojaribu ukurasa wa Kiswahili, mwisho likashinda kodi kwasababu ndo wote tulikuwa tunalisema wakati tunabishana. Basi ukiiweka kodi kwenye PDF, msomaji akainakili, mara nyingi zile nafasi za mwanzo wa mistari zinapotea, na kwenye lugha za programu kama Python au GDScript, ile ya Godot, injini ya kutengenezea gemu, zile nafasi ndo zinaiambia kompyuta kipi kiko ndani ya kipi, zikipotea programu haifanyi kazi. Kuna siku msomaji alituandikia kwamba mfano wetu ni mbovu, mwandishi akaapa kwake unafanya kazi, tukahangaika mpaka saa tano usiku, kumbe ile programu ya kuandikia makala ilikuwa imezigeuza alama za nukuu zilizonyooka kuwa zile zilizopinda. Kwa macho hutofautishi, kompyuta inatofautisha. Tangu siku ile mfano wowote unajaribiwa na mtu ambaye sio mwandishi, tena anauchukua kutoka kwenye ukurasa uliokwisha kupangwa, na faili lenyewe linawekwa pembeni watu walipakue.

Picha nazo. Watu wanatuma picha za gemu za vidoti (pikseli) kwa WhatsApp, zinafika zimeshafinywa, kingo zina ukungu. Omba PNG kwa imeili. Na ukikuza, kuza kwa namba kamili na uzime ile ya kulainisha: skrini ya PICO-8, programu ya kutengeneza gemu ndogo za kizamani, ni vidoti 128 kwa 128, ukikuza mara nne unapata 512 na kila kidoti kinabaki mraba, ukikuza mara tatu na nusu utaona vidoti vingine vinene vingine vyembamba na mchoraji atakupigia simu, ana haki.

"Makala ya kufundisha haizeeki"

Muulize aliyeandika somo la Godot kabla ya Machi 2023. Ilipotoka Godot 4 majina kwenye kodi yakabadilika, KinematicBody2D ikawa CharacterBody2D, instance ikawa instantiate, yield ikawa await, na move_and_slide ikaacha kupokea ile velocity (kasi) kwenye mabano, sasa msomaji mgeni anafuata somo lako neno kwa neno, linamgomea, anaamini yeye ndo mjinga. Tarehe na toleo la injini viandikwe juu kabisa, sio chini kwa herufi za sisimizi. Makala zinazoeleza kwanini jambo linafanyika, mfano kwanini kuruka kunanoga ukimruhusu mchezaji aruke hata akichelewa kidogo kutoka ukingoni, hizo zinaishi muda mrefu zaidi.

"Ni bure, kwahiyo hakuna mambo ya haki"

Yapo. Mtu akiandika makala ni yake toka anaiandika, hahitaji kuisajili popote, Kenya na Tanzania zote zipo kwenye mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa haki za waandishi. Kukutumia makala sio kukupa ruhusa ya kila kitu, kwahiyo mkubaliane kwa maandishi, hata imeili ya mistari miwili inatosha, kwamba inatoka kwa leseni gani. Watu wanakimbilia zile leseni za Creative Commons, za kuruhusu watu watumie kazi yako bure kwa masharti, zinazokataza biashara bila kufikiri, halafu baadae mnataka kuuza nakala chache za karatasi kurudisha gharama na inabidi mtafute waandishi ishirini mmojammoja, wawili hawapatikani. Na fonti, jamani, fonti za bure kwa matumizi binafsi sio za bure kwenye jarida.

"Mtu kajitolea, huwezi kumrekebisha"

Unaweza, na anategemea ufanye hivyo. Kinachomuudhi ni kukuta makala yake imebadilishwa siku ya kutoka.

"Mmoja wetu ataangalia mambo ya tovuti"

Kwetu huyo mmoja alikuwepo, mtu safi kabisa, jina la tovuti alilisajili kwa kadi yake na imeili yake ya zamani. Akapata kazi mji mwingine, ile imeili akaiacha, barua za kumkumbusha kulipia zikawa zinaenda huko, na Jumamosi moja msomaji akatuuliza kama siku hizi tunauza viatu. Jina lilikuwa limeshachukuliwa. Makala tulikuwa nazo kwenye kompyuta tatu tofauti, tukahamia jina jingine, sasa hivi nywila wanazo watu watatu na kalenda inatukumbusha mwezi mzima kabla. Lakini PDF za zamani zilishasambaa, huwezi kuzirudisha, na mpaka leo ukifungua toleo la nne, ukurasa wa mwisho, pale tulipoandika "tutembelee hapa", ukibonyeza unapelekwa kwenye raba za kukimbilia.