Mtoto kupata kisukari sio kosa la unene wa mama

Huku Moshi mtoto akigundulika ana kisukari tu utasikia "si unaona mama yake alivyo mnene", mzigo wote anatupiwa yeye na baba hata hatajwi, jamani hii siyo sawa kabisa. Kisukari kinachowashika watoto wengi ni aina ya 1, hapo kinga ya mwili yenyewe inashambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini, yaani homoni inayoshusha sukari kwenye damu, mama anaweza kuwa mwembamba kama ufito na mtoto akaumwa vilevile. Kweli utafiti wa Uswidi uliotoka 2015 ulikuta watoto wa akina mama wanene sana wana hatari kubwa kidogo, ila karibu wote hawaumwi. Na mzazi mwenye aina ya 1 akiwa baba, uwezekano wa mtoto kuipata ni mkubwa kuliko akiwa mama, hili wengi hawalijui.

Aina ya 2, ile ambayo mwili unashindwa kutumia insulini vizuri, ndo uzito unaingia sana, na ni wa wazazi wote wawili, wanarithisha jeni halafu mtoto anakula wanachokula wao.

Kinachoniuma ni muda unaopotea kwenye lawama. Mtoto anakunywa maji hatosheki, ameanza tena kukojoa kitandani, anakonda huku anakula, mpeleke leo leo apimwe sukari kidoleni, msiseme ni malaria mkakaa nyumbani. Na akianzishiwa insulini asiachishwe eti kuna mitishamba inauzwa pale Mbuyuni, bila insulini mtoto wa aina ya 1 haponi, anakufa.