Mkiomba mataa, ombeni na sekunde zake

Barua ya wakazi kuhusu njia panda hatari mara nyingi huanza hivi: "Tunaomba tuwekewe taa za barabarani." Maneno hayo yana mtego. Ofisini, taa za barabarani ni zile nguzo za kumulika usiku. Mtaani tukisema mataa tunaelewana, lakini kwenye barua andikeni "taa za kuongozea magari". Vinginevyo mnaweza kuletewa nguzo za sola, ziwamulike vizuri mkiwa bado mmekwama pembeni ya lami.

Jambo la pili ndilo kubwa. Taa ni saa iliyopandishwa kwenye nguzo, na ikipangwa vibaya inaweza kumdanganya mtu kuwa yuko salama.

Asubuhi moja nilisimama kwenye mataa ya makutano mojawapo ndani ya Jiji la Mbeya, simu mkononi, nikipima. Taa ya waenda kwa miguu ilipowaka kijani, bibi mmoja aliyebeba ndoo ya parachichi kichwani akaingia barabarani. Kijani kikazimika akiwa ndiyo kwanza amevuka katikati. Bajaji moja ikampita mbele, nyingine nyuma. Akasimama palepale kwenye mstari, mkono mmoja umeshika ndoo, mpaka konda wa daladala alipogonga bodi ili dereva wake asubiri. Alipofika upande wa pili nilimwamkia, nikamuuliza kama hupita hapo kila siku.

"Marahaba, mwanangu. Napita. Ila hiyo taa yenu ina haraka kuliko mimi."

Hesabu inamuunga mkono. Barabara ya njia nne, kila njia mita 3.5, ina upana wa mita 14. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba mtu hutembea mita 1.2 kwa sekunde, kwa hiyo anahitaji kama sekunde 12. Mzee mwenye mzigo akienda mita 0.8 kwa sekunde anahitaji sekunde 17 na nusu. Simu yangu ilikuwa imesoma 11. Kijana angefika kwa kukaza mwendo. Bibi alikuwa ameshapangiwa kubaki barabarani kabla hajaweka hata mguu. Dawa ni mbili: kuongeza sekunde, au kujenga kisiwa katikati ya barabara ili avuke nusu, apumzike, kisha amalizie. Mimi hupenda kisiwa. Umeme ukikatika hakizimiki.

Rangi ya njano nayo ina hesabu yake. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo mwisho wa mwendo ndani ya makazi kwa sheria yetu, linakula karibu mita 14 kila sekunde. Dereva huchukua kama sekunde moja kuona na kukanyaga breki. Kwa gari dogo kwenye tambarare, njano ya sekunde 3 na kidogo inatosha. Kwenye mteremko wa asilimia 5 hesabu hiyohiyo inakaribia 4, na lori lenye shehena linahitaji zaidi. Njano ikiwa fupi, dereva mstaarabu anajikuta amepita nyekundu bila kukusudia, au anafunga breki ghafla na wa nyuma anamparamia.

Halafu kuna sekunde ambazo wengi hawazijui: zile ambapo pande zote ni nyekundu. Kazi yake ni kusafisha makutano kabla upande mwingine haujaruhusiwa. Mji ambao barabara yake kuu inabeba malori ya Tunduma, mpakani na Zambia, hauwezi kupangiwa sekunde hizi kwa kipimo cha bajaji. Semi-trela ya mita 17 ikivuka makutano ya mita 20 kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, inahitaji karibu sekunde 7 mpaka mkia utoke. Bodaboda wa upande wa pili ameshaona kijani chake na ameshachomoka. Mkiona tela linakutwa katikati mara kwa mara, msianze kwa kumlaumu dereva. Pimeni kwanza sekunde hizo.

Sasa niseme lisilopendwa: si kila njia panda inafaa mataa. Mataa hupunguza ajali za kugongana ubavuni, lakini huweza kuongeza za kugongana nyuma, na huzaa foleni. Foleni chini ya mlima mkali ni hatari yenyewe. Fikirieni mteremko wa Iwambi kushukia Mbalizi, mkoani Mbeya. Lori lililofeli breki halisomi rangi, na nyekundu ingekuwa imewapanga watu wa daladala na bajaji mbele yake. Sehemu za namna hiyo zinahitaji ukaguzi wa malori juu ya mlima, kushuka kwa gia nzito, na njia ya dharura ya kuchepukia. Pa kuvukia watu pahamishwe mbali na mkia wa mteremko.

Pengine kipilefti kinafaa zaidi, kwa sababu kinamlazimisha kila mtu apunguze mwendo hata saa nane usiku. Kwenye barabara za ndani ya mitaa, kivuko kilichoinuliwa kama tuta pana, chenye zebra juu yake, mara nyingi kinamaliza kazi. Mataa yanabaki kuwa jibu pale penye magari mengi kutoka pande zote, watu wengi wanaovuka, au magari mengi yanayokata kulia. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo anayekata kulia anapita mbele ya wanaokuja. Asipopewa sekunde zake mwenyewe atachomekea.

Ni nani atajua kama pale kwenu panafaa? Mhandisi atakuja kuhesabu, lakini nanyi mnaweza kuhesabu kabla yake. Chagueni siku ya kawaida ya kazi na siku moja ya soko. Anzeni saa 12 asubuhi mpaka saa 12 jioni, mkiandika kila dakika 15: malori, mabasi na daladala, magari madogo, bajaji, bodaboda, baiskeli na mikokoteni, na watu wanaovuka. Vijiti vinne na cha tano cha kulaza, kama mhesabu kura za darasani. Watu wawili kila upande wanatosha wakipokezana. Wakae mbali na ukingo; nimeona kijana akihesabu magari huku kisigino chake kikiwa kwenye lami.

Ongezeni kipimo kimoja: mtu anasubiri sekunde ngapi kabla ya kupata mwanya wa kuvuka. Nusu dakika ikipita, wengi huanza kujitosa. Takwimu hiyo inaeleza hatari ambayo idadi ya ajali bado haijaionyesha.

Kuhusu ajali zenyewe, tuna tatizo letu wenyewe. Bodaboda akikwaruzana na bajaji, wanamalizana hapohapo kwa fedha ya kioo na dawa, kila mtu anaondoka. Kwenye daftari la trafiki hapakutokea kitu, na njia panda inayoumiza watu kila wiki inaonekana shwari. Ripotini kituoni. Pamoja na hilo, serikali ya mtaa iwe na daftari lake: tarehe, saa, magari yalitoka wapi yakielekea wapi, mvua au ukavu. Jina la aliyeumia halihitajiki.

Barua iende kwa mwenye barabara. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania. Hapo ndipo ilipo ile ya Dar es Salaam kwenda Tunduma, inayopita Ipogolo, Makambako, Uyole na Mafiati. Barabara za mitaani na za wilaya ni za TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, iliyoanza mwaka 2017. Mtaa wenu ukikutana na barabara kuu, andikeni TANROADS na nakala TARURA na kwa trafiki. Pitisheni kwanza kwenye mkutano wa mtaa, kisha kwa mtendaji wa kata na diwani, na muhtasari wenye sahihi uambatanishwe.

Kama mataa mnayo tayari na tatizo ni mpangilio, mistari minne inatosha. Mfano: "Barabara ina upana wa mita 14. Kijani cha waenda kwa miguu ni sekunde 11, tumepima mara kumi asubuhi na mara kumi jioni. Wazee na wanafunzi wadogo hawafiki ng'ambo. Tunaomba sekunde 18 au kisiwa cha katikati." Kubadilisha sekunde ni kazi ya kwenye kisanduku cha mitambo kilichopo pale pembeni, hakuna lami inayochimbwa. Ulizeni pia kama kisanduku hicho kina betri za kushika umeme ukikatika.

Mkipeleka, ombeni nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na ibaki kwa mtendaji. Wenyeviti hubadilika.